Nafuu ya moyo nayo ipimwe

Mkulima wa majani chai wa Kangari, huku Kigumo kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua, ni mtu asiyedanganyika kirahisi panapohusika kipimo. Afikishapo mzigo wake kituoni, macho yake huwa kwenye mizani, si kwenye uso wa karani. Karani akitabasamu au akinuna, kilo ni kilo. Na mizani yenyewe ikishukiwa kuyumba, kituo kizima kitajaa kelele kabla ya lori la kiwanda kuwasili. Lakini mkulima huyo huyo akijiunga na kikundi cha ushauri nasaha, ama kwa sababu ya ulevi wa mwanawe, ama kwa huzuni iliyomganda tangu alipofiwa, ataketi vikao sita au kumi pamoja na wenzake, kisha ataulizwa swali moja tu: "Je, umesaidika?" Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, atajibu kwamba amesaidika sana. Jibu hilo huingizwa katika ripoti, ripoti hupelekwa kwa wafadhili, na kikundi kingine huanzishwa tarafa ya pili.

Ninalouliza leo ni hili: tutajuaje kwamba mgonjwa wa nafsi anayetibiwa pamoja na wenzake amebadilika kweli, na kwamba kilichombadilisha ni kikundi wala si kupita kwa siku? Wapo watakaosema kwamba moyo wa binadamu hauwekwi juu ya ratili. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, aghalabu kutoka kwa watu waadilifu wanaozipenda kazi zao, na sikubaliani nayo. Tiba isiyopimwa haiwezi kukosolewa, na tiba isiyokosolewa huweza kuendelea miaka kumi bila kumfaa mtu.

Kutibu nafsi kwa vikundi si jambo la jana. Mwaka 1905 daktari Joseph Pratt wa Boston, Marekani, alianza kuwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu ili awafundishe namna ya kujitunza, na ikadhihirika kwamba kule kukutana kwenyewe kulikuwa kunawainua. Mwaka 1970 Irvin Yalom, Mmarekani pia, alichapisha kitabu ambacho hadi leo ndicho msahafu wa wanaoifanya kazi hii, akaeleza kinachoponya ndani ya kikundi: mtu kugundua kwamba hayuko peke yake, kupata tumaini anapomwona mwenzake akinyanyuka, na kuonja heshima ya kumsaidia mwingine badala ya kusaidiwa tu. Sisi wa mlimani, tuliokulia katika ngwatio na matanga na vyama vya akina mama, hatuhitaji kushawishiwa kwa maneno mengi kuhusu hayo.

Shuleni nako mambo haya yana umri. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha ushauri nasaha mwaka 1971, na kiboko kilipopigwa marufuku mwaka 2001, ushauri ulitajwa kuwa ndio utakaoshika nafasi yake. Mimi, mwalimu wa hisabati, nilikabidhiwa kazi hiyo miaka kadhaa baadaye, nadhani kwa sababu meza yangu ilikuwa karibu na chumba kisichokuwa na kazi. Nilipewa daftari lenye safu ya jina, safu ya kidato, safu ya tarehe na safu iliyoandikwa "tatizo". Safu ya nafuu haikuwemo, na nilipouliza ichorwe wapi, niliambiwa kwamba ukurasa umejaa.

Tukitaka kuichora safu hiyo, kikwazo cha kwanza tutakikuta ndani ya lugha yetu wenyewe. Mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata kama ametoka kumzika mumewe asubuhi ile. Neno lenyewe ni la kukana: sina jambo. Anayeongoza kikundi akimuuliza mshiriki kwa ujumla kama amepata nafuu, ajue kwamba amemwamkia, hajampima. Tena mshiriki huyo anajua kiongozi ni mke wa mzee wa kanisa, au ni mwalimu atakayemwandikia barua ya maadili mwema akimaliza shule. Nani atamwambia mtu wa namna hiyo kwamba vikao vyake havikufaa kitu?

Njia mojawapo ya kuikwepa "sijambo" ni kuligawa swali kubwa katika maswali madogo. Hojaji inayotumika mno ulimwenguni kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyobanduka, ni ile ya maswali 9 ijulikanayo kama PHQ-9, ambayo imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mgonjwa huulizwa ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, amekosa hamu ya mambo, amelemewa na huzuni, amekosa usingizi au kulala kupita kiasi, amechoka bila kazi, amekataa chakula au kula bila kiasi, amejiona mtu aliyeshindwa, ameshindwa kumakinika, amezubaa au kuhangaika hata watu wakatambua, na amewaza kwamba heri afe au ajidhuru. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Ni rahisi kumwambia mtu kwamba hujambo. Ni vigumu zaidi kumwambia kwamba unalala vyema, ilhali kila usiku unaamka saa tisa na kuyakodolea macho mabati.

Hata hivyo, nisieleweke kwamba hojaji yoyote iliyobuniwa ng'ambo yafaa kubebwa na kutumiwa papo hapo. Nchi hii ya mlimani ina kumbukumbu chungu ya kupimwa visivyo. Daktari J. C. Carothers, aliyeisimamia Hospitali ya Mathari jijini Nairobi kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, aliwahesabu Waafrika walioletwa hospitalini humo, akawakuta wenye sonona kuwa wachache mno, na akahitimisha kwamba ugonjwa huo ni nadra kwa Mwafrika, eti kwa jinsi akili na malezi yake yalivyo. Maandishi yake yalichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilimchapishia kijitabu kingine kilichoieleza Mau Mau kana kwamba ni kasoro ya nafsi, wakati ule ule ambapo wakazi wa Murang'a na Nyeri walikuwa wakiswagwa kwa nguvu katika vijiji vya kulindwa na askari. Dosari ya hesabu yake haihitaji msomi kuiona. Waliofikishwa Mathari walikuwa hasa wale waliofanya fujo wakawasumbua majirani au watawala. Mjane aliyejifungia gizani asile wala asiseme hakumsumbua mtu, na hakuna polisi aliyempeleka popote. Mtu akihesabu waliopita mlangoni pake tu, kisha akasema ameihesabu Afrika, tumwiteje?

Waliothubutu kwenda vijijini walikuta mengine. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya kuwahoji watu wa vijiji viwili vya Uganda, na sonona waliyoikuta huko ilizidi ile iliyopatikana miongoni mwa wanawake wa mtaa mmoja wa London. Ni huko huko Uganda ambako, miaka zaidi ya 20 baadaye, ulifanywa upimaji wa tiba ya vikundi ambao kwa maoni yangu kila mwalimu wa ushauri nasaha katika Afrika Mashariki angepaswa kuufahamu jinsi anavyofahamu silabasi yake.

Upimaji huo ulifanyika kati ya Februari na Juni mwaka 2002 katika wilaya za Masaka na Rakai, maeneo yaliyokuwa yameraruliwa na UKIMWI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003 na Paul Bolton, Judith Bass, Helen Verdeli na wenzao. Watafiti hawakuanza na neno la Kiingereza. Walianza kwa kuwasikiliza wenyeji, wakakuta kwamba Waganda wana majina yao mawili ya hali hiyo: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Wagonjwa wakatafutwa kwa majina hayo; wakahojiwa wale ambao wao wenyewe, pamoja na wanakijiji wenzao, walikiri kwamba wana hali hiyo. Huku kwetu mtafiti wa namna hiyo angeambiwa kuhusu gukua ngoro, kufa moyo, na nina hakika kwamba katika vituo vya majani chai pekee angepata wa kumweleza mchana kutwa.

La pili walilolifanya, nalo ni la busara zaidi, ni kwamba hawakupima huzuni pekee. Walipima pia kazi. Waliwauliza wenyeji ni mambo gani ambayo mwanamume au mwanamke mzima wa pale hutarajiwa kuyafanya, kama vile kulima, kupika, kutunza watoto, kuhudhuria mikutano na kwenda mazikoni, kisha wakaunda hojaji ya kupima ni kwa kiasi gani mgonjwa anashindwa kuyatenda. Orodha ya wanaume ilikuwa mbali na ya wanawake. Nikiitazama Kangari kwa jicho hilo, naona mara moja maswali ambayo hayamo katika PHQ-9: je, amechuma majani wiki hii, au ameyaacha yakakomaa? Amekwenda kwenye chama chake? Alipofiwa jirani, alionekana? Maswali haya yana faida kubwa kwamba jirani anaweza kuyathibitisha.

La tatu ni kura. Vijiji 30 viliteuliwa, 15 vya wanaume na 15 vya wanawake, na kwa kura 8 vya wanaume na 7 vya wanawake vikapewa tiba: kikao cha dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, kikiongozwa na wenyeji waliofunzwa kazi hiyo. Vilivyosalia havikupewa vikundi hivyo kwa wakati huo. Kura ilipigiwa kijiji kizima, si mtu mmoja mmoja, kwa sababu ambayo waanzisha vikundi wengi huisahau: watu wanane wa kikundi kimoja si mashahidi wanane. Wakipata kiongozi hodari, wote huinuka pamoja. Wakizozana, wote huzorota pamoja.

Sasa tuyatazame matokeo. Watu 248 walikubali kushiriki, na 224 wakafika mwisho na kuhojiwa tena. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya waliokuwa katika vijiji vya tiba walitimiza vigezo vya sonona kali. Baada yake walisalia asilimia 6.5. Mtu akiishia hapo atapiga makofi, na ripoti nyingi nilizozisoma huishia hapo. Lakini hebu tuvitazame vijiji ambavyo havikupata kikundi: huko waliotimiza vigezo walikuwa asilimia 94 mwanzoni, na miezi michache baadaye walikuwa asilimia 54.7. Katika kila wagonjwa 100, karibu 40 walitoka katika orodha bila kuketi hata kikao kimoja!

Walimu wa hisabati hawatashangaa. Tukiwateua wanafunzi waliopata alama za chini kabisa katika mtihani mmoja, wengi wao watapanda kidogo katika mtihani ufuatao hata tusipowafundisha lolote la ziada, kwa maana siku ile ya kwanza wengine walikuwa na homa au waliamka vibaya. Francis Galton wa Uingereza alilieleza jambo hili tangu mwaka 1886. Wagonjwa wa Masaka na Rakai nao waliandikishwa kwa kuanzia waliozidiwa, na aliyezidiwa leo ana nafasi nzuri ya kuwa nafuu kidogo kesho. Huku kwetu tuongeze majira. Kikundi kikianzishwa mwezi Januari, karo ikidaiwa na mifuko ikiwa mitupu, kisha kikapimwa tena Oktoba, bonasi ya majani chai ikiwa imelipwa, kila mshiriki ataonekana amepona. Pengine aliyempa nafuu ni kiwanda.

Tena kuna hila ndogo iliyojificha katika asilimia hizo. Mizani ya dalili, isiyojali nani amevuka mstari na nani hajauvuka, ilionyesha kwamba katika vijiji vya tiba uzito wa sonona ulishuka kwa wastani wa alama 17.47, na katika vijiji vingine alama 3.55 tu. Kwa kipimo hicho, wasiotibiwa walipata kama moja ya tano ya nafuu ya wenzao. Kwa kipimo cha asilimia walipata takriban nusu. Imekuwaje? Ni kama alama ya kupita mtihani. Ikiwa ni 40, mwanafunzi aliyetoka 39 akaenda 41 huhesabiwa amefaulu, na aliyetoka 12 akaenda 38 huhesabiwa ameanguka, ilhali sote twajua ni nani aliyepiga hatua. Mizani ya kazi ilisema lake pia: alama 8.08 kwa waliotibiwa na 3.76 kwa wasiotibiwa. Moyo uliinuka upesi kuliko jembe, na hilo nalo ni la kweli kwa yeyote aliyewahi kuugua. Kwa vyovyote vile tiba ilishinda, na ilishinda kwa tofauti kubwa, lakini ukubwa wa ushindi tunaujua kwa sababu tu kulikuwa na kundi la kulinganisha.

Jaribio lililo karibu zaidi na madarasa yetu lilichapishwa mwaka 2021 na Tom Osborn na wenzake, wa taasisi iliyojipa jina la Shamiri. Wanafunzi 413 wa shule za upili za Nairobi na Kiambu, wote wakiwa na dalili za sonona au wasiwasi, waliwekwa katika vikundi vilivyoongozwa na vijana ambao wenyewe walikuwa wametoka shuleni juzijuzi. Vikao vilikuwa vinne tu, vya saa moja moja. Jambo la kusifiwa ni jinsi kundi la pili lilivyotendewa: halikuachwa likae bure, bali nalo lilikusanywa katika vikundi, saa zile zile, likafunzwa mbinu za kusoma. Wote walipata nafuu. Kukutana kwenyewe, kusikilizwa na kijana mkubwa kidogo kuliko wewe, kulifaa hata pale mazungumzo yalipokuwa juu ya ratiba ya masomo. Ila waliopata tiba yenyewe walipata nafuu kubwa zaidi, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana miezi 7 baadaye. Nasisitiza miezi hiyo 7. Kumpima mtu siku ya kikao cha mwisho, wakati soda zimefunguliwa na watu wanaagana kwa machozi, ni kupima sherehe.

Najua mwalimu mwenye vipindi 27 kwa wiki atasema kwamba hana vijiji 30 wala wafadhili. Hahitaji. Anachoweza kukifanya ni kumpa kila mshiriki karatasi ya hojaji kabla ya kikao cha kwanza, katikati, mwishoni, na muhula mmoja baadaye. Mwongozo wa tiba ya vikundi uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 huutaka upimaji huo ufanywe katika kila kikao. Walio katika orodha ya kusubiri, maana vikundi havitoshi kamwe, wapewe karatasi hiyo hiyo siku hizo hizo. Hao ndio kundi la kulinganisha, na wakati wao ukifika watatibiwa. Anayeuliza maswali asiwe ndiye anayeongoza kikundi. Mabadiliko madogo yasisherehekewe: mizani inayoyumba kwa nusu kilo haiwezi kuapa juu ya robo kilo, jambo ambalo Neil Jacobson na Paula Truax waliliwekea kanuni ya hesabu mwaka 1991. Na walioacha kuja watafutwe wapimwe, kwa kuwa anayetoroka kikundi mara nyingi ni yule ambaye hakikumfaa. Tukiwahesabu waliobaki pekee, tunarudia kosa la Carothers kwa upande wa pili.

Wastani nao usiabudiwe. Katika kikundi cha wasichana 10, wanane wanaweza kushuka alama 6 kila mmoja na wawili wakapanda 7, na wastani ukapendeza. Wale wawili hawamo ndani ya wastani. Wamo bwenini, na pengine kusikiliza misiba ya wenzao juma baada ya juma ndiko kulikowazidishia.

Nimebakiza swali la tisa, lile la kufa au kujidhuru. Walimu wengi hulikwepa, wakiogopa kwamba kulitaja ni kumtia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo, hofu ambayo utafiti haujaiunga mkono. Hofu nyingine ilikuwa na msingi. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo angekuwa mpumbavu kuiandika kwenye karatasi ya shule. Mwezi Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Katika vyumba vya walimu nilivyoingia tangu hapo, nimekuta wachache wanaolijua hilo, na wanafunzi wanaolijua ni wachache zaidi. Kwa hiyo, kabla ya karatasi kugawanywa, waelezwe kwa sauti kwamba kifungu kile hakipo tena, kwamba karatasi haitasomwa katika mkutano wa walimu, na kwamba atakayeandika lolote zaidi ya 0 penye swali la tisa hatasubiri hesabu ya mwisho wa muhula: atatafutwa siku hiyo hiyo, na mtu mzima ataketi naye hadi apatikane mhudumu wa afya.